Nashinda kibandani nahesabu hela za watu, Mungu yuko wapi hapo?

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Mbagala, nimelifupisha kidogo tu:

"Mchungaji shikamoo. Mi ni wakala wa pesa za simu, nafungua saa kumi na mbili asubuhi nafunga saa nne usiku, siku zote saba, Jumapili nafungua nikitoka ibada. Kanisani nikiimba nasikia kabisa Mungu yupo, hadi machozi yananitoka, ila Jumatatu ikifika ni kama kuna mtu kazima swichi, sisikii chochote, ni kutoa kuweka kutoa kuweka hadi usiku. Wenzangu wa kikundi cha maombi wana mikesha na mifungo, mi siwezi, nasinzia na Biblia mkononi. Nimeambiwa nimepoa kiroho, na kwamba nikitaka kumtumikia Mungu kweli niachane na hii biashara. Nina kijana mmoja namlipa ananisaidia. Je nimepoa? Na haya maisha ya kuhesabu hela za watu yana maana yoyote mbele za Mungu?"

Marahaba dada yangu, na pole na kazi. Hili swali naulizwa sana, na wauza genge, madereva, manesi wa zamu ya usiku, ila wewe umeuliza bila kuremba na umenitajia na masaa, na hayo masaa ndo yamenisaidia kukuelewa.

Tuanze na hili la kupoa maana naona ndo linalokuuma zaidi. Piga hesabu mwenyewe, saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa nne usiku ni masaa 16, mara siku sita, na Jumapili tena ukitoka ibada, hapo sijaweka kupika, sijaweka nguo za kufua, sijaweka kuwahi maji yasije yakakatika, halafu ukifika kitandani ukasinzia kwenye mstari wa pili unajiita umepoa kiroho. Dada, umechoka. Kuchoka sio dhambi, na wala sio pepo la kukemewa. Fungua 1 Wafalme 19, Eliya huyu huyu ambaye sura moja nyuma yake alishusha moto Karmeli, sasa yuko jangwani kakaa chini ya mretemu anaomba afe. Malaika anakuja, na mimi kila nikifika hapa natamani wale ndugu zetu wanaopenda kukemea watu wasome taratibu, kwa sababu malaika hamsemi vibaya, hamuulizi mbona moto umezimika, wala hampangii mfungo. Anamgusa anamwambia inuka ule. Kuna mkate umeokwa juu ya makaa na maji ya kunywa pembeni. Eliya anakula, analala tena! Malaika anarudi mara ya pili, anamgusa, anamwambia kula maana safari hii ni kubwa kwako. Kile kikao chenyewe na Mungu, ile sauti ndogo ya utulivu, kinakuja baadaye sana akishafika Horebu. Kwa hiyo mtu aliyechoka Mungu alimpa usingizi, chakula, usingizi, chakula, ndo wakaja kuongea. Wewe unataka uanze na mkesha.

Na hayo machozi ya Jumapili siyadharau hata kidogo, mi mwenyewe kuna nyimbo zikipigwa sina ujanja. Ila angalia pia kinachotokea, umekaa masaa mawili au matatu, simu umezima, hakuna anayekugongea dirisha anataka elfu tano, kwaya inaimba, kinanda kiko vizuri, huo ndo muda pekee kwenye wiki nzima ambao mwili wako umetulia, lazima kitu kitoke. Mungu yupo hapo ndio. Lakini kusema kwamba yupo pale nilipolia na hayupo pale nisipolia, hapo tumeshamgeuza Mungu kuwa hisia, na hisia dada yangu inabadilika hata na chai uliyokosa asubuhi.

Kuna mtu mmoja wa zamani nadhani mngeelewana sana. Anaitwa Nicolas Herman, Mfaransa wa upande wa Lorraine, alikuwa askari kwenye ile vita ya miaka 30 iliyochoma Ulaya, akaumia mguu, maisha yakazunguka, mwaka 1640 akaingia utawa kwa Wakarmeli pale Paris kama bradha wa kawaida, wakampa jina la Lawrence na wakampeleka jikoni. Na jikoni alikuwa hapapendi, hilo alikiri mwenyewe. Kapika miaka na miaka, baadaye mguu ukamsumbua wakamhamishia kushona makubazi ya watawa, mpaka amekufa 1691. Sasa watu wenye vyeo kanisani walikuwa wanamfuata huyu mpishi kumuuliza amewezaje kuwa na amani vile, na jibu lake lilikuwa dogo mno, kwamba anaongea na Mungu humo humo kwenye kazi, anageuza kimayai chake kwenye kikaango kwa kumpenda Mungu, na kwamba katikati ya kelele za jikoni huku watu kadhaa wanamwita kwa wakati mmoja kila mtu na shida yake, anakuwa na Mungu kwa utulivu ule ule kama yuko kwa magoti mbele ya sakramenti. Ukisoma hapo juu juu utadhani alizaliwa hivyo, ila alisema pia kwamba kwa karibu miaka kumi ya mwanzo aliteseka sana moyoni, akijiona hafai, akijiona hata Mungu yuko kinyume naye. Miaka kumi, na hakuacha kupika. Kwa hiyo wewe Jumatatu moja ikikauka usikimbilie kujiandikia cheti cha kifo.

Haya, sasa tuje kwenye maana, hapa nitakaa maana naona ndo kiini cha swali lako hata kama umeliweka mwisho.

Soma Walawi 19 yote ukipata nafasi, hata kwa mafungu. Inaanza na amri nzito kuliko zote, mtakuwa watakatifu kwa kuwa mimi Bwana Mungu wenu ni mtakatifu. Mtu akisikia hivyo anasubiri aambiwe habari za hekalu, uvumba, makuhani. Kuna kidogo habari za sadaka, ndio, lakini angalia sehemu kubwa ya sura imejaa nini: ukivuna usimalize pembe za shamba, waachie maskini na mgeni. Usiibe. Usimdanganye mwenzio. Ujira wa kibarua usilale kwako hadi asubuhi. Usimlaani kiziwi. Usiweke kikwazo mbele ya kipofu. Mheshimu mzee. Mgeni mpende kama nafsi yako. Na kule mwishoni inakuja mizani, mawe ya kupimia, vipimo, vyote viwe vya haki. Yaani Mungu kaulizwa utakatifu unafananaje, akaanza kutaja shamba, mshahara na soko. Mimi nilifundishwa hii sura chuoni kama sheria za zamani za Waisraeli, nikapasi mtihani, ila nilikuja kuielewa kwa kukaa na waumini wanaofanya biashara.

Sasa ile ya kipofu, mstari wa 14, hebu tuilete pale kibandani kwako. Anakuja bibi, simu ya batani kaifungia kwenye pindo la khanga, mtoto wake kamtumia hela kutoka Mwanza au popote. Anafungua fundo polepole, anakupa simu nzima, na namba ya siri anakutajia kwa sauti huku nyuma yake kuna watu wanne wanasikia. Hajui kusoma meseji. Hajui amebakiwa na shilingi ngapi. Pale dada, wewe ndo macho yake. Na wewe unajua mchezo wote, unajua kwamba badala ya kumtolea elfu arobaini kwa mkupuo unaweza ukaikata mara mbili, yeye makato yakapanda na wewe kamisheni ikaongezeka, na bibi hatojua mpaka anazikwa. Unajua wapo wanaomwambia "bibi mtandao unakata mia tano ya karatasi" na hakuna cha karatasi wala nini. Ule mstari unamalizika kwa kusema umche Mungu wako, na mi naona sababu iko wazi kabisa, kiziwi hakusikii ukimtukana na kipofu hakuoni ukimwekea kikwazo, kwa hiyo hakuna atakayekushika isipokuwa Mungu. Sehemu ambayo hakuna mtu wa kukushika ndo hapo imani yako inapoonekana ipo au haipo, na wewe sehemu hiyo unayo dirishani kwako mara kibao kwa siku, mimi mwenzio mchungaji sinaga nafasi nyingi kiasi hicho, nikisimama madhabahuni kila mtu ananitazama.

Kwa hiyo unamwambia bibi sogea karibu, namba ya siri usiitaje kwa sauti, nionyeshe kwa vidole au bonyeza mwenyewe nikuelekeze. Unamsomea meseji yote mpaka salio lililobaki. Hela unamhesabia mkononi noti moja moja, kisha unamwambia bibi weka vizuri kwanza ndo uondoke. Imekula dakika nne na foleni inasonya. Hizo dakika nne zina maana mbele za Mungu? Kwa Walawi 19 ndo zenyewe.

Au yule mzee anayekuja anatokwa jasho, anataka atume laki tatu haraka haraka, ukimuuliza anasema kuna mtu wa kampuni kampigia, au kapata ile meseji maarufu ya "ile hela tuma kwenye namba hii". Wakala mwenye njaa ya kamisheni anatuma tu, anajiambia sio kosa lake, mteja kataka mwenyewe. Wewe unamwambia mzee hebu kaa kwenye stuli kidogo, huyo aliyekupigia unamfahamu, tumpigie mwanao kwanza. Anaweza akakutukana, anaweza akahamia kwa wakala wa jirani akatuma huko huko, hilo huliwezi. Ila umemzuia mtu asiibiwe, na hiyo huduma hata sisi wenye kola shingoni tukija kukaa hapo kwako hatuwezi kuifanya maana hatuijui kazi, tutabonyeza vitufe ovyo tu.

Nisije nikakupamba sana lakini. Kuna siku hutokutana na bibi wala mzee, ni watu wanakuja wanatoa wanaondoka, mtandao unasumbua, floti (salio lako la kazi kwenye simu) imeisha mteja anakuita muongo, mwingine anakupigia kelele kuhusu makato utadhani wewe ndo unayapanga (nyie mliokuwepo 2021 wakati wa zile tozo za miamala mnajua mlivyotukanwa). Na sitokudanganya kwamba ukiwa mwaminifu hasara haitokuja. Utampigia mteja aliyezidisha elfu hamsini aje achukue hela yake, na wiki hiyo hiyo utamzidishia wewe mtu mwingine elfu hamsini na simu yake utakuta imezimwa. Wanaohubiri kwamba uaminifu ni mtaji wa kupata kibanda cha pili, mi siko nao, mtu anayerudisha chenji ili Mungu amlipe mara mia bado anafanya biashara tu, amebadilisha mteja. Siku za kawaida, zisizo na kitu cha kusimulia kanisani kwenye ushuhuda, ndo nyingi kwenye maisha ya mtu yeyote, hata ya watakatifu, na Mungu hazisusi.

Sasa hili la kuacha biashara. Waliokuambia sidhani wana nia mbaya, ila naomba uwasomee Luka 3 kuanzia mstari wa 10. Yohana Mbatizaji yuko mtoni, moto kweli kweli, hana utani na mtu, kawaita watu uzao wa nyoka. Wanakuja watoza ushuru, watu ambao kwa kweli kazi yao inafanana na yako kidogo kwa kukaa sehemu na kupokea hela, isipokuwa wao walichukiwa kwa sababu walikusanya kwa ajili ya Warumi na wakaongeza cha juu. Wanamuuliza mwalimu tufanye nini sisi? Hapo ndo angesema acheni hiyo kazi mje jangwani tule nzige wote. Hakusema. Aliwaambia msitoze zaidi ya kile mlichoamriwa, basi. Wakaja askari, akawaambia msimdhulumu mtu wala msimshitaki kwa uongo, mtosheke na mshahara wenu. Kila mtu alirudishwa kazini kwake akiwa mtu mwingine.

Na ukitaka kuona kwamba Mungu hana fomyula moja, angalia watoza ushuru wawili kwenye injili. Mathayo kakutwa mezani forodhani, kaambiwa nifuate, kainuka kaacha kila kitu. Zakayo wa Yeriko, ambaye ndo alikuwa mkubwa wao kabisa, hakuambiwa aache chochote. Yesu kaenda kushinda nyumbani kwake, Zakayo akasimama mwenyewe akasema nusu ya mali nawapa maskini na niliyemdhulumu namrudishia mara nne, na Yesu akasema leo wokovu umefika kwenye nyumba hii. Hakuna mahali pameandikwa kwamba aliacha ofisi. Kazi ni ile ile, mmoja anaitwa atoke, mwingine anaitwa abaki anyooshe mahesabu. Kwa hiyo anayekuambia wewe kwa hakika uache, akiwa hajakaa na wewe, hajui una madeni gani, hajui nani anakula kupitia hicho kibanda, muulize kwa heshima hiyo hakika kaipata wapi.

Sisi Walutheri tuna urithi kwenye hili ambao tunausahau. Martin Luther alikuwa mtawa, alikesha, alifunga mpaka mwili ukadhoofika, kwa hiyo hakuwa anaongea kwa wivu wa mtu aliyeshindwa mfungo. Mwaka 1520 akaandika kwamba kazi za mapadri na watawa, hata ziwe ngumu na takatifu kiasi gani, mbele za Mungu hazipiti hata kidogo kazi ya mkulima shambani au ya mama anayehangaika na nyumba yake, kwa sababu Mungu anapima vyote kwa imani. Jumapili tunahubiri hivyo, Jumatatu tukitaka mtu wa kuombea mkutano tunamtafuta yule asiye na kazi maana ndo tunaona ana muda wa Mungu.

Na tusiende Ulaya tu. Uamsho wa Afrika Mashariki, ule wa bibi na babu zetu, ulianzia kwenye mazingira ya kazi. Gahini, Rwanda, mwishoni mwa miaka ya 1920 na kuingia 1930, ilikuwa hospitali ya misheni, kuna daktari Mwingereza anaitwa Joe Church na rafiki yake Mganda wa kule Kampala, Simeoni Nsibambi, na mdogo wake Nsibambi, Blasio Kigozi, akawa anafundisha pale pale. Ukitoka hapo ukaenea Uganda, Kenya, Burundi, ukaingia kwetu kupitia Bukoba, na mpaka leo ukisikia wazee wanaanza Tukutendereza, ule wimbo wa Kiganda wa kumsifu Yesu, wakisalimiana ujue ni hao. Sasa uamsho ule watu wanaukumbuka kwa kulia na kutubu hadharani, na ilikuwepo kweli, lakini kilichowashangaza majirani na hata waajiri ni kilichofuata, watu kubeba vitu walivyoiba na kuvirudisha kwa wenyewe, kulipa madeni ya zamani, kuomba msamaha kwa mke, Mwafrika na Mzungu kuombana msamaha kwa uso. Waliita kutembea nuruni. Machozi bila kile kikapu cha vitu vilivyorudishwa nani angeyakumbuka.

Basi tuje kwenye vitendo maana najua utasema mchungaji umeongea sana, nifanye nini kesho. Nitakupa machache tu na yote yanaingia humo humo kwenye masaa yako, sikuongezei ratiba.

Asubuhi ukishafungua kibanda, kabla hujawasha zile simu zote, shika meza yako useme ule mstari wa mwisho wa Zaburi 90, "kazi ya mikono yetu uithibitishe". Sekunde kumi. Usiongeze orodha ya maombi, ukiongeza utaacha baada ya siku tatu nakujua.

Mchana uko Mbagala, adhana ya adhuhuri lazima utaisikia. Majirani zako Waislamu wanaacha walichoshika wanaenda kuswali. Wewe usibaki unashangaa, huo mlio nao ukukumbushe, sema Bwana Yesu nihurumie, au Baba Yetu moja ukiiweza, huku mikono inaendelea. Wakatoliki wana kengele ya Malaika wa Bwana, asubuhi, saa sita mchana na jioni, watu wa vijijini walikuwa wanasimama na jembe mkononi wanasali wanaendelea kulima. Ni kitu kizuri sana, na sisi tungekiiga bila aibu.

Jioni ndo muhimu zaidi. Najua ukifunga unafanya hesabu, floti iliyopo kwenye simu na keshi ya kwenye droo, vikijumlishwa vifanane na mtaji, na visipofanana hulali. Hapo hapo, kabla hujafunga daftari, fanya na hesabu ya watu. Nani leo nilimjibu ovyo? Nani alinifanyia wema nikapitiliza bila hata asante? Wapi nilishawishika, nilifanyaje? Usijichape, angalia tu na Mungu akiangalia pamoja na wewe, cha kushukuru shukuru, cha kuomba radhi omba, na kama mtu huyo atapita kesho mwambie samahani ya jana. Ignatius wa Loyola, yule mwanzilishi wa shirika la Kikatoliki la Wajesuiti, aliwafundisha wafuasi wake zoezi la namna hii karne ya 16, na wao mpaka leo hata siku wakikosa nafasi ya maombi marefu, hili la kuitazama siku yao wanalishikilia. Wewe una bahati ya kuwa na daftari tayari. Baada ya wiki tatu nne hivi utaanza kuona kitu, kwamba Jumatatu haikuwa kimya kama ulivyodhani, ulikuwa unapita haraka.

Kikundi cha maombi usikiache. Waambie ukweli kwamba mikesha huiwezi kwa sasa, waombe wakuombee wewe ukiwa kazini, na wewe wachangie unachoweza, hata kuwapigia hesabu za mfuko wa kikundi maana hilo wewe unaliweza kuliko wao. Wakikataa kukuelewa kabisa kabisa basi tafuta wengine wawili watatu wenye kazi kama zako mkutane nusu saa, sio lazima iwe usiku wa manane ndo Mungu asikie.

Halafu kuna sehemu ambayo sitokubembeleza. Siku saba kwa wiki, hapana. Haya yote niliyosema kwamba kazi yako ni ibada, shetani anaweza akayageuza vizuri tu yakawa sababu ya kutopumzika milele, "nipo kwa Bwana hata nikiwa kibandani" na miguu imevimba. Kumbukumbu la Torati 5:15 inatoa sababu ya sabato ambayo wafanyabiashara wengi hatujaisoma, inasema kumbuka ulikuwa mtumwa Misri, Bwana akakutoa, ndo maana anakuamuru uishike siku ya sabato. Mtumwa hana siku ya mapumziko, aliyetolewa utumwani anayo. Na mstari wa nyuma yake umetaja hadi mtumwa wako na mjakazi wako wapumzike kama wewe, kwa hiyo hapo na kijana wako yumo. Najua kodi ya fremu haipumziki, najua Jumapili jioni ndo watu wanatoa hela za wiki. Ila piga mahesabu ya kweli, ile nusu siku inaingiza shilingi ngapi hasa, ukitoa umeme na nauli? Wengi nikiwaambia wapige wanakuta ni hofu zaidi kuliko hela.

Na kwa kuwa nimemtaja kijana, hukusema unamlipa lini. Kama ni kwa siku, hela yake isilale kwako. Kama ni kwa mwezi, iwe tarehe mliyokubaliana, sio "subiri floti ikae vizuri". Usimfiche mahesabu pia, mfundishe kazi yote hadi kamisheni inavyokuja, akiondoka siku moja kwenda kufungua cha kwake mshukuruni Mungu wote wawili.

Kuhusu kuacha biashara moja kwa moja sikuzuii moja kwa moja pia, inawezekana Mungu anakuita mahali. Ila wito wa kweli huwa hauna haraka za kutisha watu, utaendelea kukufuata hata baada ya kulala vizuri mwezi mzima. Kwa hiyo lala kwanza huo mwezi. Punguza masaa, kama kijana ni mwaminifu mwachie kufunga jioni mbili kwa wiki. Ukimaliza mwezi huo na bado unasukumwa, nenda kaongee na mchungaji wako wa pale pale mtaani anayekujua, na mume au mzazi au yeyote mnayegawana naye majukumu, mkiwa na daftari la madeni mezani, wito usiogope daftari. Kisha niandikie, na uniambie siku ya kupumzika umechagua ipi, maana wengi mnanijibu Jumapili, halafu mchana mnafungua dirisha nusu.